Tanistri: kwa nini Macbeth, mfalme wa Uskoti, hakuwa mwizi wa kiti

Tanistri ni desturi ya kurithishana ufalme iliyokuwa ya Wagaeli wa Ireland na Uskoti katika Enzi za Kati. Mfalme akifa, kiti hakimwendei mwanawe wa kwanza moja kwa moja. Hukikalia mwanamume yeyote wa ukoo wa kifalme, wa upande wa kuumeni, anayeonekana anafaa, na mara nyingi huteuliwa mfalme angali hai. Zama hizo mfalme ndiye aliyetangulia vitani, na mtoto mdogo haongozi jeshi.

Huko Uskoti, kuanzia 889, matawi mawili ya uzao wa mfalme Kenneth mwana wa Alpin yalipokezana ufalme kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukisikia hivyo utaona ni haki tupu. Kumbe kila mfalme alizungukwa na ndugu wenye haki kama yake, na njia ya mkato ilikuwa kumuua aliyekalia kiti. Kenneth II aliuawa 995, Constantine III akafuata 997, Kenneth III akauawa 1005.

Aliyemmaliza huyo wa mwisho, Malcolm II, akaamua kuvunja zamu. Alitaka amrithishe Duncan, mjukuu wake kwa binti, na mwaka 1033 akamuua mwanamume mmoja wa damu ya kifalme, ambaye angeweza kukidai kiti; alikuwa jamaa wa mwanamke aitwaye Gruoch. Mwaka uliofuata Malcolm akafa, Duncan akatawazwa.

Mume wa Gruoch ndiye Macbeth, mtawala wa Moray kule kaskazini. Wengi wanamjua kwa tamthilia ya Shakespeare, ambamo anamchinja Duncan, mzee wa watu, akiwa usingizini, na kumwibia kiti. Duncan wa kweli hakuwa mzee. Aliingia Moray na jeshi lake mwaka 1040, akauawa karibu na Elgin, Macbeth akashika kiti. Macbeth alikuwa mtu mzima, mpiganaji, na mkewe ni mjukuu wa mmoja wa wale akina Kenneth waliouawa. Kwangu mimi, kama kuna aliyeivunja mila, basi ni Malcolm II, babu yake Duncan.

Macbeth alitawala miaka 17. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, na mwandishi mmoja wa zama zile anasema aliwamwagia maskini fedha kama mtu apandaye mbegu. Mfalme anayehofia kupinduliwa hafungi safari ya namna hiyo. Malcolm, mwana wa Duncan, alimuua Macbeth mahali paitwapo Lumphanan mwaka 1057. Lulach, mtoto wa Gruoch kwa mume wa kwanza, alishika kiti miezi michache tu, naye akauawa, na Malcolm akawa mfalme.

Desturi haikufa siku hiyo. Malcolm huyo alipofariki 1093, kiti kilichukuliwa na ndugu yake, Donald, si mwanawe. Lakini baadaye mfalme David I alipofiwa na mwanawe, aliagiza mjukuu wake atembezwe nchi nzima, watu wamjue. Mwaka 1153 kijana huyo, Malcolm IV, alitawazwa huko Scone akiwa na miaka 12.