Sehewa wa kutosha mlo anaweza kuwa bado hajazaa

Sehewa wa sentimita 35 hakosi mnunuzi mnadani. Amejaa nyama, mgongo una michirizi yake ya mshazari, na madoa meusi chini ya pezi la ubavu yanamtofautisha na jodari mwenye mistari tumboni. Kwa macho ni samaki kamili. Mpasue jike wa ukubwa huo, na mara nyingi utakuta vifuko vya mayai ni vyembamba kama nyuzi, bila chembe ya yai inayoonekana. Hajawahi kutaga.

Kinachotudanganya ni kasi ya ukuaji. Sehewa (Euthynnus affinis) hukua mbio akiwa mchanga, kisha kasi hupungua kadiri chakula anachokula kinavyoelekezwa kwenye mayai na mbegu. Katika Bahari ya Hindi hupevuka akiwa kati ya sentimita 38 na 50. Tunapima kuanzia ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia, kwa kuwa ncha za mkia hukatika ovyo. Akiachwa aishi, anaweza kufikia mita moja na uzito wa kilo 14 hivi. Umri tunausoma kwenye vijiwe vya sikio: tunavikata, tunavisugua vikawa vyembamba, kisha tunahesabu pete zake kwa hadubini.

Tazama tofauti ya majike wawili. Wa sentimita 48, mwenye kilo 1.4, hutaga mayai yapatayo 790,000 kwa msimu. Wa sentimita 65, mwenye kilo 4.6, hutaga kama milioni 2.5. Urefu umeongezeka sentimita 17 tu, lakini uzito umezidi mara tatu, na mayai vilevile. Kwa kilo moja moja, majike hawa karibu wanalingana kwa mayai. Kwa hiyo mvuvi anayesubiri sehewa akue hapotezi kitu kwa ajili ya bahari: anapata nyama mara tatu kwa samaki mmoja, na bahari inapata mayai mara tatu.

Pwani ya Afrika Mashariki, utagaji huanzia katikati ya kaskazi na kuendelea hadi kusi inapoanza kushika, takriban Januari hadi Julai. Hutaga kwa awamu, si mara moja.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Wachanga hupenda kuingia ndani ya ghuba na hata bandarini, kulekule ambako vyombo vidogo visivyo na injini hufika kwa urahisi. Kumwambia mvuvi amrudishe mdogo majini hakusaidii sana. Jamii ya jodari hupumua kwa kuogelea mfululizo mdomo wazi; akinaswa wavuni akashindwa kusogea, hukosa hewa upesi, na wengi hufika chomboni wamekwisha kufa. Uamuzi wenye maana hufanyika kabla ya kutega: macho ya nyavu yawe mapana, na kundi la wadogo likionekana ghubani, liachwe lipite.

Wanaokusanya takwimu kwenye vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe na uvuvi, wanaweza kutusaidia sana hapa. Kilo peke yake hazitoshi. Tunahitaji urefu wa kila sehewa aliyepimwa, tarehe, aina ya zana, na kama tumbo limepasuliwa, hali ya mayai: nyuzi tupu, chembe zinazoonekana, au vifuko vilivyojaa.