Saz ya umeme si gitaa lililobadilishwa umbo

Wengi wanaomwona mwanamuziki wa roki wa Ulaya jukwaani na saz ya umeme, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, hudhani kwamba Wazungu ndio walioibuni, tena kwa kulirefusha shingo gitaa la kawaida. Si kweli. Saz, au bağlama, ni ala ya Waturuki, na waliotangulia kuitia umeme ni Waturuki wenyewe. Mwanamuziki wa roki Erkin Koray wa Istanbul, aliyefariki mwaka 2023, anatajwa sana miongoni mwa waanzilishi wake.

Itazame kwa karibu. Kwa kawaida ina nyuzi saba zilizopangwa katika makundi matatu. Shingoni, mahali ambapo gitaa lina vipande vya chuma vilivyogongomelewa, saz imefungwa nailoni inayozungushwa na kukazwa kwa mkono. Nailoni hiyo husogezwa, na mpangilio wake humpa mpigaji sauti zilizo kati ya noti mbili za piano. Hapo ndipo utamu wote ulipo! Gitaa la kawaida halizitoi hadi uuvute waya. Udi wetu wa taarabu huzitoa pia, lakini kwa sababu shingo yake ni laini, haina kizuizi chochote.

Ujerumani iliingia baadaye. Mkataba wa kazi na Uturuki wa mwaka 1961 ulipeleka huko wafanyakazi wengi, na saz wakaenda nayo. Kwenye kumbi kubwa za harusi, kifaa cha kunasa mlio wa nyuzi na amplifaya vilihitajika ili ala isikike. Mjerumani anayeipiga leo ameipokea kutoka kwa majirani zake.