Ndege za Zamani Kwenye Kiwanja cha Nyasi: Watu Wanavyodhani na Mambo Yalivyo

Ukimwambia mtu kwamba unaandaa siku ya wenye ndege ndogo za zamani kukutana, kila mmoja akija kwa ndege yake mwenyewe, swali la kwanza atakalokuuliza ni nani atakayepindua ndege angani watu washangilie. Hakuna. Watu wanatua, wanazifunga ndege zao kamba, wanafungua vifuniko vya injini, wanabishana kuhusu kabureta mpaka jua linaanza kushuka, kisha wanarudi kwao. Shughuli yenyewe ndiyo hiyo. Aliye nje huiona nyepesi, na wepesi huo ndio unaozaa dhana potofu, nyingine zikiwa zimekaa vichwani mwa marubani wenyewe.

"Mkutano si rasmi, kwa hiyo hauna sheria"

Hii ndiyo mama wa nyingine zote. Kutokuwa rasmi maana yake hakuna kiingilio, hakuna hotuba, hakuna mgeni wa heshima. Sheria za anga hazitambui tofauti hiyo. Kanuni za kuruka zilizomo katika Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, zinamhusu rubani aliye peke yake juu ya mashamba sawasawa na zinavyowahusu marubani ishirini wanaoelekea kiwanja kimoja. Mojawapo inasema hivi: ndege mbili zikija kutua, iliyo chini zaidi ina haki ya kutangulia, lakini isiitumie haki hiyo kuchomekea mbele ya mwenzake aliyekwisha kuingia hatua ya mwisho ya kutua. Saa nne asubuhi, wageni wako wakiwa wamefika kwa mkupuo, kanuni hiyo moja itakufaa kuliko mabango yote uliyochora.

Kuna mstari ambao mwandaaji anaweza kuuvuka bila kujua. Ukitangazia umma waje kutazama, ukawapanga watu pembeni, kisha rubani mmoja mwenye furaha akapita chini kwa kasi mbele yao, katika nchi nyingi umeshafanya maonyesho ya ndege. Maonyesho yana kibali chake, msimamizi wake na umbali wake kutoka kwa watazamaji. Bima nayo hubadilika, kwa kuwa mikataba mingi haigusi maonyesho wala mashindano, na mchezo wa kutua juu ya mstari wa chokaa au kuangusha mifuko ya unga unaweza kuhesabiwa kuwa mashindano. Mimi michezo hiyo siipendi hata bima ingeikubali. Inamshawishi rubani kuilazimisha ndege ishuke pale ambapo angetakiwa kuongeza moto, kupanda na kuzunguka upya.

Ruhusa ya mwenye kiwanja ichukue kwa maandishi, hata kama ni rafiki yako.

"Ndege ya zamani ni yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, au ya vita"

Chama cha ndege za zamani kilicho chini ya EAA, jumuiya ya wapenda ndege ya Marekani iliyoanzishwa na Paul Poberezny kule Milwaukee mwaka 1953, kinazigawa kwa tarehe za kuundwa: hadi tarehe 31 Agosti 1945 ni za kale, kutoka hapo mpaka mwisho wa 1955 ni kundi la pili, na za 1956 hadi 1970 ni la tatu. Kwa hiyo Cessna 172 za mwanzoni, ambazo mtu huziona kila siku zikifundishia wanafunzi, zimo. Ukiwafungia mlango wenye hizo utabaki na ndege tatu na picha nzuri.

"Isiyo na redio haiwezi kuja"

Ndege ndogo za Piper J-3 Cub nyingi zilitoka kiwandani bila redio, bila betri, bila taa. Ziliundwa kati ya 1938 na 1947, zikakaribia 20,000, na mpaka leo zipo zinazoruka hivyo hivyo. Katika anga isiyosimamiwa na waongozaji, sheria za kimataifa hazimlazimishi anayeruka kwa kutazama nje awe na redio, isipokuwa pale nchi husika ilipoweka sharti lake. Hata huko Oshkosh, Marekani, katika mkutano mkubwa wa EAA unaovuta zaidi ya ndege 10,000, marubani wanaoingia kwa njia inayopita juu ya kijiji cha Fisk huambiwa wasijibu redioni, watikise mabawa tu. Kimya kinaacha masafa ya redio wazi kwa anayehitaji kusikika.

Asichokisikia rubani, mwonyeshe. Tandaza herufi T kubwa ya kitambaa cheupe karibu na njia ya kurukia: ndege inatua sambamba na mguu wa T, ikielekea kwenye kichwa chake. Mraba mwekundu wenye mistari miwili ya manjano iliyokatizana unasema kutua ni marufuku. Alama hizi ni za kimataifa na hazina betri ya kuisha. Ila zinahitaji mtu. Upepo ukigeuka saa saba mchana na T ikabaki inaelekea ulikokuwa asubuhi, umewadanganya wote waliokuamini. Mpe mtu mmoja kazi hiyo na usimpe nyingine.

Wageni wote, wenye redio na wasio nayo, watumie karatasi moja wiki moja kabla: ramani ya kiwanja, mwelekeo wa mzunguko wa kutua, urefu wa kuzunguka, nyaya za umeme ziko wapi, nyumba za kukwepa ziko wapi. Cub inakaribia kutua kwa kasi ya kilomita 95 kwa saa hivi, na nyuma yake kuna mwenye ndege ya kilomita 140. Huyu wa pili asipojua mapema, atakuja kujifunza akiwa ameshauona mkia wa mwenzake umejaa kiooni.

"Nyasi ni nyasi, ndege hizi zilizaliwa humo"

Ni kweli zilizaliwa humo. Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, haikuwa na breki, na chini ya mkia ilikuwa na kiguu cha kuburuta badala ya gurudumu. Kiguu hicho kikikwaruza nyasi ndiyo breki yenyewe, na kwenye lami hakina cha kushika. Lakini nyasi zina hesabu yake, na waandaaji wengi hawaifanyi.

Mamlaka ya anga ya Uingereza imewahi kuwapa marubani vipimo vya kuzidishia. Nyasi mbichi zenye maji: mbio za kuruka zidisha kwa 1.3. Joto likipanda kwa nyuzi 10, zidisha tena kwa 1.1. Mwisho, kwa usalama, zidisha kwa 1.33. Chukua ndege ambayo kitabu chake kinasema mita 400. Nyasi mbichi zinaifikisha 520, joto linaifikisha 572, usalama unaifikisha karibu 760. Hapo bado hatujazidisha uzito wala udongo laini. Mtu aliyesema "mita mia nne zinanitosha" hakudanganya, ila alikuwa anasoma ukurasa ulioandikwa kwa ajili ya lami kavu na injini mpya.

Na kutua je? Nyasi fupi sana zilizolowa huwa na utelezi kiasi kwamba umbali wa kusimama unaweza kuongezeka kwa asilimia 60. Aliyekata nyasi zake zikapendeza kama zulia, kisha mvua ikanyesha usiku, amejitengenezea uwanja wa kuteleza.

Kwa hiyo tembea. Pita njia yote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, ukitafuta mashimo ya wanyama, mawe na vishina. Kisha ipite kwa gari kwa kilomita 50 kwa saa: kikombe cha chai kikimwagika, gurudumu dogo la mkia nalo litalia.

Maegesho pia hupimwa. Bawa la Cub, ncha hadi ncha, ni mita 10.7. Ukiacha nafasi ya kupita, kila ndege inataka mita 14, na ndege 20 katika mstari mmoja zinakula mita 280. Ndege yenye gurudumu la mkia hukaa pua juu, na rubani wake akiiendesha ardhini haoni mbele. Anapinda kushoto na kulia kama nyoka ili achungulie pembeni. Basi wasaidizi wanaoelekeza maegesho wasisimame katikati mbele ya pua wakipunga mikono, maana hapo ndipo rubani asipoona. Wasimame upande wa bawa, na wawe watu wazima.

"Haina betri na swichi imezimwa, kwa hiyo propela haina hatari"

Hapa ningeweza kuandika siku nzima. Watu hudhani ndege isiyo na betri haina umeme. Injini kama Continental A-65, ya nguvu farasi 65, inajitengenezea cheche kwa magneto mbili, kila moja na plagi zake. Ni sumaku inayozungushwa na injini yenyewe. Ndiyo maana betri ikifa, au isipokuwepo kabisa, injini haijali.

Sasa angalia swichi. Kwenye gari, kuzima ni kukata umeme. Kwenye magneto ni kinyume: swichi ikizimwa huunganisha waya unaoupeleka umeme kwenye bodi ya injini, cheche isifike kwenye plagi. Waya huo ukikatika au ukilegea, swichi inasoma "zima" na magneto iko hai. Mtoto akisukuma propela ili apige picha, na ndani ya silinda kuna mvuke kidogo wa petroli, injini inaweza kushika. Hakuna anayeweza kuliona hilo kwa macho akiwa amesimama nje.

Kwa hiyo kila propela ni hai, siku nzima, ya kila ndege. Kuwasha kwa mkono kuna utaratibu: vizuizi kwenye magurudumu, mkia umefungwa, rubani anayeijua ndege hiyo amekaa ndani akishika breki, na maneno ya kuitikiana kwa sauti kabla mkono haujagusa kitu. Anayewasha ni mmoja na amefundishwa. Kuna rubani atakayekuambia amewasha peke yake miaka thelathini bila tatizo. Mjibu kwa upole kwamba kwenye kiwanja chako mkia unafungwa. Ndege iliyowaka bila mtu ndani hutafuta njia yake, na siku ya mkusanyiko njia hiyo imejaa watu na ndege za wenzake.

"Injini ya zamani inakunywa petroli yoyote"

Zilibuniwa kwa mafuta ya oktani ndogo, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Tatizo la petroli ya kituo cha magari ni ethanoli, ambayo hushambulia mpira wa mabomba na rangi za kuziba matangi ya zamani. Hata vibali vinavyoruhusu petroli ya gari kwa baadhi ya ndege hizi hukataza yenye ethanoli. Mafuta ya ndege ya 100LL nayo yana madini ya risasi hadi gramu 0.56 kwa lita, mara nne ya mafuta ya 80/87 ambayo injini nyingi za aina hii zilizoea, na huacha uchafu kwenye plagi. Mwandaaji asijifanye mtaalamu hapa. Aandike kwenye karatasi ya mwaliko mafuta gani yatakuwepo, au kama hayatakuwepo, kila mtu apige hesabu yake.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tangi la Cub ni lita 45, na injini inakunywa kama lita 17 kwa saa. Ukitoa akiba ya nusu saa zinabaki saa mbili. Mwendo wake ni kilomita 120 kwa saa, lakini upepo wa kilomita 40 ukimjia usoni anabaki na 80. Masafa yake ya kweli siku hiyo ni kilomita 160. Rafiki yako aliye mbali kuliko hapo anahitaji mahali pa kujaza njiani, na kipimo chake cha mafuta ni waya uliosimikwa kwenye boya unaochungulia mbele ya kioo.

"Aliyeahidi lazima afike"

Dhana hii huua. Mwandaaji huichochea bila kukusudia, kwa kupiga simu asubuhi akiuliza "Mbona hamjaondoka?" Andika tangu mwanzo: siku ya akiba ni ipi, saa ngapi utatangaza kuahirisha, na kwamba asiyekuja hadaiwi maelezo. Mpe aliye njiani sababu nzuri ya kurudi. Mimi huwa sihesabu waliofika, kwa kuwa nikianza kuhesabu nitataka idadi ipande.

"Wakishatua salama, kazi imekwisha"

Jioni ina mtego wake. Joto limepanda, matangi yamejazwa, watu wamechoka, na wote wanataka kuondoka pamoja kwa sababu ndege zao nyingi hazina taa na jua halimsubiri mtu. Panga kuondoka kwa zamu, walio mbali na walio polepole wakitangulia. Wanaotaka kuruka bega kwa bega wakubaliane kabla ya kuwasha injini, si hewani.

Wengi wao hawakuwasilisha mpango wa safari popote, kwa hiyo mmoja wao akitua shambani njiani hakuna ofisi itakayogundua kwamba hajafika. Chukua daftari: jina, namba ya ndege, anakokwenda, saa aliyoruka, simu. Kila mmoja atume ujumbe akitua kwake, nawe utie alama. Viti vitakunjwa, T itakunjwa, kamba zitaviringishwa, na daftari litabaki wazi mezani. Giza likiingia na jina moja halina alama, piga simu ya kwanza.