Jina la babu haliko kwenye mnara: litafutwe wapi?

Familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Nakuru hufika kwenye minara ya kumbukumbu kutafuta jina la mzee aliyekwenda vitani, zikarudi mikono mitupu. Kabla ya kulipa nauli, jua alipigana vita gani na alifariki lini. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huorodhesha waliofariki kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Mzee aliyerudi salama kutoka Burma akafia kwake mwaka 1970 hayumo, hata kama kabati lilijaa nishani.

Vita vya Pili havisumbui sana. Orodha ya Tume iko kwenye intaneti, bila malipo. Makarani waliandika walivyosikia: Barasa akawa Balasa, Ochieng akabaki Chieng. Jaribu kila tahajia, kisha chuja kwa kikosi, na usiishie King's African Rifles. Madereva wengi walikuwa East African Army Service Corps. Namba ya jeshi, ikipatikana kwenye karatasi yoyote nyumbani, humaliza ubishi. Baadhi wamezikwa Gilgil. Walioangukia Burma bila kaburi kujulikana majina yao yamechongwa kwenye mnara wa Rangoon, ulioko Taukkyan, huko huko Burma (sasa Myanmar), kwa hiyo kuzunguka makaburi ya Kenya hakutasaidia.

Shida hasa ni wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo ya jeshi. Mwaka 1917 walikusanywa kwa wingi, na kuhara, malaria na nimonia viliwaua kuliko risasi. Sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 hazina jina la hata mmoja wao. Halikufutika kwa mvua, halikuandikwa. Ripoti ya Tume ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Basi kukosekana kwenye orodha si ushahidi kwamba hakwenda.

Kwa mpagazi, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ukaombe majalada ya wilaya. Ukiuliza Kakamega au Bungoma utapata machache. Enzi hizo ziliandikwa North Kavirondo, na Kisumu ilikuwa Central Kavirondo. Beba jina la baba yake, ukoo na chifu wa wakati huo. Ukitaka Tume imwongeze, vielelezo viwili ndivyo uzito wa ombi: kwamba alitumikia jeshi, na kwamba alifariki ndani ya tarehe zile.