Je, wajua kwa nini wakemia hunasa sumu ya mahindi kwa kinywe?

Ukiandika kwa penseli, kinachobaki kwenye karatasi ni vigamba vya kinywe, madini yale yale meusi yanayopatikana Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Kinywe ni kaboni iliyopangwa matabaka juu ya matabaka, nayo yameshikana kwa ulegevu hata karatasi huyabandua. Tabaka moja peke yake, lenye unene wa atomu moja tu na umbo la sega la nyuki, ndilo linaloitwa grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walilipata kwa kubandika utepe wa gundi kwenye kinywe na kuubandua, tena na tena. Mwaka 2010 wakatunukiwa Nobel ya fizikia. Utepe wa gundi, wa dukani!

Wapimaji wa chakula na maji waliipokea habari hiyo kwa sababu zao wenyewe, maana shida yao kubwa haiko kwenye mashine za kupimia. Iko kabla ya mashine.

Chukua sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi. Piga hesabu: gunia zima la kilo 100 likifika ukomo huo lina miligramu moja ya sumu, uzito wa punje moja au mbili za sukari. Mashine za leo zinaweza kuona kiasi kidogo hata kuliko hicho. Ila ukiloweka unga kwenye kiyeyushi, sumu haitoki peke yake; hutoka na mafuta, rangi na protini, na vurugu hiyo yote huifunika. Ni kama kumtafuta mtu mmoja Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu: macho unayo mazima, watu ndio wengi. Afadhali uwe na kitu cha kumvuta aje ulipo.

Mkaa umefanya kazi ya namna hiyo tangu zamani, na anayeweka kipande cha mkaa kwenye friji kuondoa harufu anaijua kanuni yenyewe: vitu hunata juu ya uso wa kaboni. Uso wa mkaa, hata hivyo, umejificha ndani ya vitundu vyembamba, na kilichoingia humo hakitoki kirahisi. Grafini ni uso mtupu, pande zote mbili. Kwa hesabu ya nadharia, gramu moja ina eneo la mita za mraba 2,630, kwa hiyo gramu tatu tu, pungufu ya kijiko cha chai cha sukari, zingetandaza eneo linalozidi uwanja wa mpira.

Ukubwa wa eneo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni umbo. Juu ya kila uso wa grafini kuna wingu la elektroni lililotandaa, na molekuli bapa zenye pete za kaboni za aina hiyo hiyo hupenda kulala juu yake, kama chapati juu ya chapati. Sumukuvu imejengwa kwa pete zilizounganishwa. Vivyo hivyo sumu za moshi zinazobaki kwenye samaki wa kubanika, na baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Chumvi haina umbo hilo, wala sukari. Hupita na maji zikaenda zao.

Namna ya kufanya kazi yenyewe inapendeza kuitazama. Vigamba vya grafini hupachikwa chembe ndogo za oksidi ya chuma, unga mweusi unaopatikana humwagwa ndani ya sampuli na kutikiswa, kisha sumaku husogezwa ubavuni mwa chupa. Weusi wote hukimbilia upande mmoja. Maji yanamwagwa, unga unabaki na ulichokamata, halafu matone machache ya kiyeyushi kama asetonitrili huing'oa sumu na kuipeleka kwenye mashine. Lita moja ya maji ikiishia kuwa mililita tano, kilichokuwamo kimekolezwa mara 200.

Metali ni habari nyingine. Risasi iliyoyeyuka majini haina pete, na grafini safi haina cha kuishikia. Hapo hutumiwa oksidi ya grafini, yaani kinywe kilichounguzwa kwa asidi na vioksidishaji vikali hadi kingo zake zikaota vikundi vyenye oksijeni. Vikundi hivyo huwa na chaji hasi ndani ya maji, na risasi yenye chaji chanya huvutwa. Kuitoa ni kumwagia asidi kidogo: haidrojeni ya asidi huiondoa risasi na kukaa mahali pake. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita ya maji ya kunywa, kwa hiyo kukoleza kwanza kunasaidia sana pale ambapo kifaa cha maabara si cha bei mbaya.

Sasa ubaya wake. Vigamba vya grafini hupendana vyenyewe kuliko vinavyopenda sumu. Ukiviacha vinarudi kubebana, na ule uwanja wa mpira unakunjika. Zile chembe za chuma, mbali na kuitika sumaku, husaidia kuvitenganisha. Tena kaboni bapa haichagui. Ukitaka kuondoa rangi ya kijani ya sukuma wiki ili upime mabaki ya dawa za shambani, kaboni itaondoa rangi na huenda ikameza pia dawa yenye umbo bapa, kama thiabendazoli, ukaandika kwamba mboga ni safi.

Kuna na suala la sokoni. Mwaka 2018 watafiti walipima bidhaa za kampuni 60 zilizouzwa kwa jina la grafini, na nyingi zilikuwa na grafini isiyofika asilimia 10. Iliyobaki kwa sehemu kubwa ilikuwa kinywe kilichosagwa. Mpimaji anayetaka jibu la leo lilingane na la mwezi ujao hawezi kuutegemea unga wa aina hiyo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, maabara nyingi za ukaguzi bado zinanasa sumukuvu kwa nguzo zenye kingamwili, yaani vibomba vidogo vyenye protini zinazoishika sumu hiyo, ingawa ni ghali na hutumika mara moja tu, huku grafini ikibaki zaidi mikononi mwa watafiti.

Na kabla ya hayo yote kuna bambo, kile kichuma chenye mfereji cha kuchotea nafaka guniani. Sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia; punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na jirani zake zikawa salama. Mkaguzi akichoma bambo mahali pamoja tu akakosa punje hizo, unga utakaofika maabara hauna kitu cha kunaswa.