Ukaguzi wa Lori Kabla ya Safari ni Kazi: Dhana Potofu Zinazowagharimu Madereva wa Marekani Walio Chamani

Lori kubwa la mizigo halitakiwi kutoka yadi nchini Marekani kabla dereva hajalizunguka na kujiridhisha kuwa ni zima. Sheria inamtaka afanye hivyo, mwajiri anamtaka afanye hivyo, na akipuuza, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Lakini likija suala la malipo ya muda huo, hata madereva wenye uzoefu, wakiwemo wanachama wa Teamsters, chama cha wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1903, husikika wakirudia mambo ambayo si kweli. Nayachukua hapa yale yanayowaumiza zaidi.

Dhana: kazi ya dereva ni kuendesha, ukaguzi ni maandalizi tu

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Kanuni za shirikisho zinataja kimoja kimoja vitu ambavyo dereva lazima aridhike navyo kabla ya kuondoa gari: breki na viungio vya breki za tela, breki ya kuegeshea, usukani, taa na viakisi mwanga, tairi, honi, waipa, vioo vya kutazamia nyuma, vifaa vinavyounga tela, magurudumu na rimu, na vifaa vya dharura. Anatakiwa pia kusoma ripoti ya mwisho ya gari hilo, na kama iliandikwa hitilafu, atie saini kwamba ameiona na kwamba imethibitishwa kushughulikiwa.

Chukua breki za upepo peke yake. Dereva anajaza matangi, anazima injini, anaachia breki ya kuegeshea, kisha anakanyaga pedali na kuishikilia dakika nzima, macho kwenye geji. Kwa lori lenye tela, upepo usipungue zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) katika dakika hiyo. Baada ya hapo anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, mpaka upepo ushuke na tahadhari ilie kwenye dashibodi, karibu na psi 60. Bado hajapima tairi, ambazo kashata za mbele zinatakiwa kuwa na kina kisichopungua inchi 4/32 na za nyuma 2/32. Bado hajainama chini ya tela na tochi kuona kama taya za kiungio zimeibana sawasawa pini inayoshika tela. Mtu anayefanya haya saa kumi alfajiri yuko kazini tayari. Tena ni kazi ya ujuzi: ukaguzi huu ni sehemu ya mtihani wa vitendo wa leseni ya magari ya biashara, na anayeshindwa hapo hapati leseni.

Serikali yenyewe inauhesabu hivyo. Chini ya kanuni za saa za kazi, muda wa kukagua gari ni muda wa zamu. Dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze zamu, na saa hizo 14 zinaanza kukatika anapoanza kukagua, hata kama gurudumu halijabingirika. Haiingii akilini muda huohuo uwe kazi unapopima uchovu wake, kisha uache kuwa kazi siku ya malipo.

Waajiri wanaobisha huegemea sheria ya mwaka 1947 inayosema kwamba shughuli za utangulizi kabla ya kazi yenyewe hazilazimu malipo. Ni kweli sheria hiyo ipo. Ila mahakama zimeshaeleza kwamba shughuli isiyoweza kutenganishwa na kazi kuu si ya utangulizi, nayo ni sehemu ya kazi. Mwaka 1984 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa 8 ililiamua jambo hilo kuhusu ukaguzi wa malori hasa: unatakiwa kisheria, na usalama barabarani hautengani na udereva.

Dhana: mwanachama akishindwa kwenye kamati ya malalamiko, mambo yameisha

Kesi hiyo ya 1984 ilikuwa na historia ndefu, na kila dereva aliye chamani angefaa kuijua. Ilianzia Little Rock, Arkansas. Lloyd Barrentine na wenzake katika kituo cha kampuni ya Arkansas-Best walitakiwa kukagua malori kabla ya kila safari, na lori likikutwa na kasoro, walipeleke kwenye karakana iliyokuwa hapohapo kituoni. Muda huo hawakulipwa. Mkataba wao wa pamoja ulisema dereva atalipwa kwa muda wote anaoutumia katika shughuli za mwajiri, basi wakapeleka malalamiko kupitia chama. Yakafika mbele ya kamati ya pamoja yenye wajumbe watatu wa chama na watatu wa waajiri. Kamati ikayatupa bila kutoa sababu.

Wakaenda mahakamani kwa kutumia Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938, ile inayoweka kima cha chini cha mshahara. Mahakama za chini ziliona kwamba waliokwisha kuchagua njia ya malalamiko hawawezi kurudi na dai lilelile. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalikataa hilo kwa majaji 7 dhidi ya 2. Jaji William Brennan, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba haki ya kima cha chini ni ya mfanyakazi binafsi na haiwezi kupunguzwa wala kuuzwa kwa mkataba.

Sababu alizozitoa zinafaa kusomwa na viongozi wa vyama pia. Chama kinaweza, kwa nia njema kabisa, kuamua kutolisukuma dai la wachache kwa sababu kinapima maslahi ya wanachama wote. Wasuluhishi nao ni wajuzi wa mkataba na desturi za kazini, lakini si lazima wawe wajuzi wa sheria ya nchi. Na hata wakimpa mtu haki, huenda hawana mamlaka ya kumpa kile ambacho mahakama ingempa, yaani malipo yaliyobaki, fidia ya kiasi kilekile juu yake, na gharama za wakili.

Tangu hapo mambo yameongezeka utata. Mwaka 2009, katika kesi ya ubaguzi wa umri, mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba chama kinaweza kukubaliana na mwajiri kuwa madai ya kisheria yapelekwe kwa msuluhishi, mradi mkataba uliseme hilo waziwazi bila utata. Kwa hiyo dereva asome kifungu cha usuluhishi cha mkataba wake kabla hajaamini kwamba mahakama iko wazi kwake.

Dhana: kama ni kazi, basi kila dakika lazima ilipwe kivyake

Hapa wanaojipa moyo mapema hupata uchungu. Kuwa kazi ni jambo moja. Kulipwa peke yake ni jambo jingine. Tuseme dereva analipwa kwa maili na wiki imemwingizia dola 1,300. Amefanya kazi saa 60, tano kati yake zikiwa za ukaguzi. Mahakama nyingi za shirikisho zitagawanya 1,300 kwa 60, zipate dola 21 na ushei kwa saa, zilinganishe na kima cha chini cha shirikisho ambacho ni dola 7.25 tangu mwaka 2009, na kusema sheria haikuvunjwa. Zile saa tano zinamezwa ndani ya malipo ya maili.

Majimbo hayalingani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba sheria ya kima cha chini ya jimbo hilo haimlazimishi mwajiri kuwalipa madereva wa maili, kivyake, kwa kazi kama ukaguzi. California imekwenda njia nyingine: tangu 2016 sheria yake inataka wanaolipwa kwa kipimo cha kazi walipwe kando kwa muda wanaokuwa chini ya mwajiri bila kuzalisha kile kinachopimwa. Madereva wa Walmart katika jimbo hilo walishinda takriban dola milioni 54 mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2016, ukaguzi wa kabla na baada ya safari ukiwa miongoni mwa madai yao, na rufaa ya kampuni ikagonga mwamba mwaka 2020.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo chama kinapoonyesha thamani yake. Sheria ya shirikisho inamhakikishia dereva dola 7.25, basi. Kifungu cha mkataba kinachotaja ukaguzi kwa jina, kwa dakika na kwa kiwango cha saa, kinampa mengi zaidi, na hakuna anayeweza kukigawanya mpaka kipotee.

Dhana: akivuka saa 40 kwa wiki, analipwa ovataimu

Dereva wa lori kubwa linalosafirisha mizigo kati ya majimbo kwa kawaida ametolewa kwenye ovataimu ya shirikisho. Hajatolewa kwenye kima cha chini. Madereva wa magari yasiyozidi uzito wa pauni 10,000 wana nafuu tangu mwaka 2008: wao wanaweza kuidai ovataimu.

Dhana: ni dakika chache, hazina neno

Kanuni haisemi ukaguzi uchukue dakika ngapi. Inasema dereva aridhike. Tukichukua robo saa kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 50, ni saa 62 na nusu kwa mwaka, zaidi ya wiki nzima ya kazi ngumu. Kinachonisikitisha zaidi ni kile ambacho kutolipa kunamfundisha mtu. Dereva anayelipwa kwa maili anajua kwamba kila dakika aliyoinama chini ya tela haina senti, na saa zake 14 zinakatika. Anayekagua kwa uangalifu anapata hasara, anayezunguka lori mbio na kutia saini anaondoka na mzigo. Na barabara hiyo ina watoto ndani ya magari madogo.

Dhana: akikataa kuondoa gari bovu, hana pa kukimbilia

Anapo. Sheria ya mwaka 1982 inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwadhibu dereva aliyeripoti gari lisilo salama, au aliyekataa kuliendesha kwa hofu yenye msingi. Malalamiko yanapelekwa OSHA, idara ya shirikisho ya usalama na afya kazini, ndani ya siku 180.

Muda una umuhimu katika dai la mshahara pia. Chini ya sheria ya 1938 dereva ana miaka miwili, mitatu kama mwajiri alikiuka kwa makusudi, na kwa kawaida kungoja kamati ya malalamiko hakusimamishi hesabu hiyo. Ushahidi mzuri zaidi ni rekodi za kifaa cha kielektroniki kilichomo ndani ya lori, zinazoonyesha ni lini aliingia zamuni na ni lini gari lilianza kutembea. Mwajiri analazimika kuzitunza miezi 6 tu, na dereva ana haki ya kupata nakala zake, kwa hiyo aziombe mapema. Ila rekodi zimsaidie, inabidi muda wa ukaguzi awe ameuandika ulivyokuwa: aliyetumia dakika 25 na kuandika 5 ili abakize saa za kuendesha, anajikatia dai lake mwenyewe.