Kwa nini nyama ya kasa iliua leo, na jana haikuua

Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Miaka miwili na ushei kabla ya hapo, Novemba 2021, kisiwani Pemba huko huko walikufa watu 7 kwa kitoweo hicho hicho, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3.

Kila ninaposhuka dikoni kuzungumza na wavuvi kuhusu kasa, hurudi swali moja. Mzee mmoja aliliuliza vizuri kuliko wote, ameketi chini ya mti wa mkungu anashona nyavu zake: "Mwanangu, mimi kasa nimemla tangu sijaota ndevu. Mbona sijafa?"

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kukaripia. Mzee hakusema uongo. Amekula mara nyingi na hakudhurika. Kosa liko katika hesabu anayoitoa hapo, kwamba kwa kuwa jana ilikuwa salama basi na leo ni salama.

Nyoka hutengeneza sumu yake mwenyewe, kwa hiyo kila swila ana sumu, leo na kesho. Kasa hatengenezi sumu. Anaila. Inaingia mwilini mwake pamoja na chakula, inakaa, na mwenyewe anaendelea kuogelea kama kawaida. Ndiyo maana kasa wawili wa aina moja, ukubwa mmoja, waliovuliwa wiki moja, mmoja anaweza kuliwa na kijiji kizima bila tatizo na wa pili akawaangamiza.

Mtazame ng'amba, mmoja wa kasa wa baharini. Mdomo wake umechongoka kama wa kasuku, na kazi ya mdomo huo ni kupenya katika nyufa za miamba kung'oa sponji, wanyama wa baharini wasiotembea, walioshikamana na mwamba. Niliwahi kupasua tumbo la ng'amba aliyekufa katika nyavu. Ndani mlijaa vipande vya rangi ya kahawia, vinafanana na makumbi yaliyolowa, na nilipovibonyeza vidole vikawasha hata kupitia glavu. Sponji wengi mwili wao una vijiti vidogo sana vya kioo, vya silika, madini ambayo ndiyo msingi wa kioo cha dirishani, na juu ya hivyo wana kemikali kali za kujikinga wasiliwe. Samaki wengi huwakwepa. Ng'amba hula vioo na kemikali pamoja. Ukoo wa kasa wa baharini una zaidi ya miaka milioni 100 duniani, na katika muda huo ng'amba amejipatia chakula ambacho karibu hakuna anayemgombea. Sisi tumbo letu halikupitia safari hiyo.

Kasa wa kijani naye akikua hula zaidi nyasi bahari na mwani, na watu wengi huamini kwamba mla majani hana neno. Si kweli. Juu ya nyasi hizo huota viumbe vidogo mno, vinavyofanana na nyuzi za nywele, na baadhi yao hutoa sumu. Watafiti waliochunguza nyama ya kasa wa kijani iliyoleta maafa Madagaska waliikuta sumu ya namna hiyo, iitwayo lingbiatoksini A. Sayansi bado haijaifunga kesi yote kwa sumu hiyo moja, na huenda zikawa kadhaa. Lakini njia yake, kwa kadiri watafiti wanavyoona, ni hii: inapitia kinywani mwa kasa. Na kwa kuwa kasa husafiri mamia ya kilomita kati ya malisho na ufuo anaotagia, mvuvi aliyemkuta leo hawezi kujua jana alikula wapi.

Moto hauiondoi. Nyama uichemshe, uikaange, uipike kwa nazi, uitie ndimu, uikaushe kwa moshi, sumu hii inabaki. Haina harufu wala ladha. Katika Sri Lanka kuna watu waliokuwa wakiwatupia kunguru vipande vya ini kwanza, wakaona kama watakula. Nawasihi msijaribu jambo kama hilo, wala kwa paka wala kwa mbwa. Dalili kwa binadamu zinaweza kuanza baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa, na wakati huo sufuria imekwisha kukombwa.

Mwaka 2010, katika kisiwa cha Murilo, Mikronesia, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ng'amba mmoja tu aliliwa na wanakijiji. Waliugua watu 95, wakafa 6, na 4 kati yao walikuwa watoto. Kasa ni mnyama mkubwa, na nyama nyingi hugawanywa. Sahani inavuka ua kwa jirani, watoto wanatangulizwa, na yule mwenye mwili mdogo kabisa anapata kiasi kinachomtosha kufa. Linaniuma kila nikilifikiria, kwamba ukarimu wetu ndio unaoisambaza sumu hii.

Dalili ni hizi: koo na midomo kuwaka moto, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kizunguzungu. Ulimi unaweza kufanya utando mweupe na vidonda, na kumeza kukawa taabu. Mgonjwa akianza kusinzia hovyo na kuamshwa kwake kukawa kwa shida, hali imefika pabaya. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Daktari anachofanya ni kuusaidia mwili kwa maji ya mshipani, kuusaidia upumuaji, kulinda figo na ini, mpaka sumu ipungue. Kwa hiyo kila saa ina thamani.

Waende hospitali wote waliokula, hata asiyehisi kitu. Na mkifika, semeni waziwazi kuwa mmekula kasa. Najua wanaonyamaza kwa kuogopa sheria, kwa sababu kasa analindwa kisheria Zanzibar, Tanzania Bara na Kenya. Daktari asiyejua mlichokula atahangaika na maradhi mengine huku mtoto anapotea. Mama anayenyonyesha aseme pia, maana sumu hupita katika maziwa, na wako watoto wachanga waliofariki huku mama zao wakiwa na dalili ndogo tu. Mhudumu wa afya atamwelekeza jinsi ya kumlisha mtoto kwa siku hizo. Nyama iliyobaki izikwe mbali na mbwa na kuku, isipokuwa kipande kitakachohitajika na wapimaji.

Mara nyingi kasa anayefika jikoni hakuwindwa. Amekutwa katika jarife asubuhi, amelegea, na mvuvi anasema hii ni riziki, amekufa tayari. Kasa anavuta hewa kwa mapafu kama sisi. Akiwa ametulia hukaa chini ya maji kwa saa kadhaa, lakini akipapatika katika nyavu hewa yake huisha upesi na hupoteza fahamu. Aliyelegea si lazima awe maiti. Mlaze kifudifudi kivulini, usimgeuze mgongo. Sehemu ya nyuma iinuliwe kiasi cha shubiri moja ili maji yatoke mapafuni, na juu yake weka kitambaa kibichi bila kuziba pua. Gusa taratibu pembeni ya jicho mara kwa mara, uone kama kope inacheza. Mpe hata siku nzima. Akianza kunyanyua kichwa na kupiga makasia yake, zima injini na umteremshe majini polepole, mbali na nyavu.